Vidole vya Mama Shuka

Kioo kilikuwa kidogo, hakizidi kiganja, na kilikuwa kinawaka kijani kama vile kinakaribisha wageni. Mama Shuka akaweka juu yake vidole vinne vya mkono wa kulia, akavikandamiza mpaka kucha zikageuka nyeupe. Taa ikawa nyekundu.

"Futa, weka tena," alisema karani wa dirisha namba saba, pale kwenye kituo cha kupokelea maombi ya viza, bila kuinua macho.

Akafuta kwenye gauni, akaweka. Nyekundu. Akapewa kitambaa chenye dawa, akajisugua, akaweka. Nyekundu. Akaambiwa avipumulie vidole vipate unyevu, naye akavipumulia kama mtu anayechochea mkaa, huku nyuma yake foleni nzima ikianza kukohoa kile kikohozi kisichokuwa na mafua. Nyekundu.

Hapo karani akainua macho. Alikuwa binti mdogo, wa umri wa kumwita mama, na akamwita.

"Mama, hivi vidole umevifanya nini?"

"Nimefulia."

"Nakuuliza kwa wema. Kuna watu wanavisugua kwa msasa kabla ya kuja hapa. Wengine wanavichoma. Wale wenye mambo yao ya nyuma."

"Mambo yangu ya nyuma nimeyaandika, mwanangu. Yamo humo kwenye faili. Nilipitiliza siku sabini na tatu, na barua ya maelezo ipo."

"Mimi fomu sisomi," karani alisema, tena kwa upole kabisa. "Sisi hapa si ubalozi. Tunapokea tu."

Maneno hayo hayo yalikuwa yamebandikwa ukutani nyuma yake kwa herufi kubwa, mtu asije akasema hakuambiwa. Akampangia siku nyingine, wiki tatu mbele. Mara ya pili ndiyo ya mwisho, akasema. Apumzishe mikono, apake mafuta, asiguse sabuni wala dawa ya madoa, ngozi itarudi na mistari yake.

"Wiki tatu nisiguse sabuni? Mimi ni dobi."

"Ndiyo maana nakwambia, mama. Anayefuata!"

Jina la Mama Shuka alipewa na wauguzi. Hakuwahi kuzaa, ila shuka amezilea: miaka tisa nyuma ya jengo la hospitali moja ya binafsi, kwenye mabeseni ya zege, na ile klorini ambayo ikishamaliza damu ya wagonjwa inahamia kwenye mikono ya mfuaji. Shuka za chumba cha upasuaji wa macho zilikuwa zake peke yake, kwa sababu daktari wa macho alitaka weupe usio na mchezo. Na nyumbani alikuwa na mama mzazi mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, mwaka wa nne sasa, ambaye hajawahi kulazwa juu ya shuka hata moja kati ya hizo. Daktari alishamtazama mara moja kwenye korido, kwa hisani. Akasema ni kazi ya nusu saa kila jicho, akataja gharama yake, akaenda zake.

Sasa hospitali ilikuwa imeagiza mashine za kufulia. Zilishafika, zimekaa kwenye makasha koridoni, na wafuaji walishaambiwa kwamba mwisho wa mwaka ndio mwisho wao. Ndipo ikaja barua kutoka hoteli moja ng'ambo. Walitaka mfuaji na mpiga pasi mzoefu, mkataba wa miaka mitatu, asiwe amefikisha miaka arobaini na mitano. Mama Shuka alikuwa amebakiza miezi minne. Hii ikimpita hakuna nyingine, na mama yake atakufa bila kuona sura ya mtu.

Kikwazo kilikuwa zile siku sabini na tatu.

Alishawahi kufanya kazi katika nchi ile ile, ujanani, kwenye nyumba ya mama mmoja tajiri. Miaka miwili, mkataba ukaisha. Pasipoti yake ilikuwa kwenye droo ya yule tajiri, na ufunguo wa droo ulining'inia kwenye mkufu shingoni mwake. "Subiri kidogo nipate mwingine wa kukupokea," alimwambia. Hicho kidogo kikawa siku sabini na tatu za kufua, kupiga pasi na kuambiwa kesho. Siku ya kuondoka, tajiri alibaki kwenye gari. Ndani ya uwanja wa ndege, afisa wa uhamiaji alizihesabu siku moja moja kwenye kalenda ya mezani, akachukua alama za vidole vyote kumi, enzi hizo vikiwa na mistari yake, akampiga picha akiwa bado na sare ya kazi za ndani. Droo ilikuwa ya nani, hakuna aliyeuliza.

Habari hiyo yote aliisimulia kwa wakala kabla ya fomu kujazwa. Wakala huyo ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la simu, na watu walimwita Mzee wa Viza, ingawa hakuwa mzee na mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka wowote. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kucheka, na alichapa kwa vidole viwili.

"Umewahi kukaa nchini humo kupita muda ulioruhusiwa?" alilisoma swali, kisha akajijibu mwenyewe, "Hapana."

"Ndiyo," Mama Shuka alisema.

Wakala akaacha kuchapa. "Mama, hili swali halina mtu anayelijibu ndiyo."

"Mimi nitalijibu. Picha yangu wanayo. Na barua nimeshaandika, nimeeleza habari za droo."

"Unataka kumshtaki tajiri wao kwenye ofisi yao wenyewe?"

"Simshtaki mtu. Naeleza."

"Haya. Mwenye safari ni wewe, mimi mchapaji tu." Akachapa. Kisha akamsogezea kisahani cha wino atie dole gumba kwenye makubaliano yao ya uwakala. Mama Shuka akakandamiza. Pale kwenye karatasi pakabaki doa la mviringo, jeusi tii, lisilo na mstari hata mmoja. Wakala akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaliangalia doa, akalishika na dole lenyewe akaliangalia. Akacheka peke yake.

"Mikono hii imefanya kazi, mama yangu," alisema. Akarudi kwenye kompyuta, akachapa tena kidogo, akatoa kurasa kumi na moja za lugha ya kigeni na kumwonyesha kila penye alama ya msalaba. Mama Shuka akatia sahihi zote. Barua ya maelezo wakala aliipokea kwa mikono miwili, akaahidi itakaa juu kabisa ya faili, na faili akalifunga kwa gundi na mhuri.

Ndilo hilo faili lililobaki dirisha namba saba.

Kesho yake asubuhi Mama Shuka alimwendea msimamizi wa usafi hospitalini, akaomba ruhusa ya wiki tatu.

"Bila mshahara, bosi. Mikono inatakiwa ipumzike."

"Mikono yako ni ya hospitali au ya ubalozi?"

"Ni yangu, bosi. Ndiyo naiombea ruhusa."

Msimamizi alicheka, maana halikuwa jibu baya. Kisha akasema aende tu, ila akirudi asiulize beseni lake liko wapi.

Akaenda. Akili yake ilimwambia amefanya jambo la maana.

Nyumbani alikuwa na mama yake na mdogo wake wa kike, fundi cherehani. Mdogo mtu hakuwa mwingi wa maneno. Alikata vipande vya kitambaa cha bluu vilivyobaki kwenye sare za shule, akashona mifuko miwili ya mikono yenye kamba za kufungia, akaijaza mafuta ya mgando, akamvisha dada yake kama anavyovishwa mtoto. Tangu hapo Mama Shuka hakugusa kitu. Alilishwa. Alisukwa. Aliogeshwa na mdogo wake, yule yule ambaye yeye ndiye alimbeba mgongoni mtoto akiwa hajaota jino, na hili la kuogeshwa lilimuuma, akawa anafumba macho mpaka liishe.

Mchana alikaa kibarazani, mikono ya bluu juu ya mapaja.

"Bi harusi!" majirani walimwita. "Bwana yuko wapi?"

"Anatafutiwa viza!" aliwajibu, nao walicheka, na yeye akacheka. Kisha akainuka akaenda mpaka kona ya barabara, akarudi, akaketi, akainuka tena. Hakujua kukaa. Ndani ya ile mifuko vidole vilikuwa vinakanda vyenyewe, vinakamua, vinakunja. Alizitazama nguo kwenye kamba za watu akaona kola ambayo haijasuguliwa, akaona shati limeanikwa kwa mabega badala ya pindo, na hasira zikampanda kana kwamba ametukanwa. Siku ya nne alianza kuisukuma ndoo kwa mguu, kutoka ukuta huu hadi ule, bila sababu. Siku ya sita mdogo wake akaificha ndoo.

Kila asubuhi mama yake alimwita kitandani. "Lete."

Mama Shuka alivuliwa ile mifuko, akafutwa mafuta, akanyoosha mikono. Bibi kizee alivishika vidole kimoja kimoja, akavipapasa kwa ncha za vyake, taratibu, uso ameuelekeza dirishani ambako hakuona kitu. Miaka minne hiyo alikuwa amejifunza kujua noti, vifungo, hata sura za watu kwa kupapasa.

"Bado," alisema. "Laini kama kipande cha sabuni."

Siku ya tisa alivishika, akavipeleka puani.

"Umefua."

"Sijafua, mama."

"Vinanukia sabuni. Umefua nini?"

"Kitambaa kimoja tu. Kile chako cha kichwani. Kilikuwa kichafu."

"Mimi sikioni. Uchafu wake ungenidhuru nini?"

Mdogo mtu alianza kucheka kwenye cherehani yake, kisha mama, kisha Mama Shuka mwenyewe. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na yalipomtoka akagundua kwamba ni ya kilio, si ya kicheko. Alikuwa anaogopa. Alimwambia mama yake hivyo hivyo, kwamba anaogopa, na mama yake akamfuta uso kwa kile kitambaa.

Hakufua tena. Siku ya kumi na saba mama mtu alilishika dole gumba la kulia, akalipita mara moja, akarudi, akalipita tena.

"Hapa pana kitu."

"Kitu gani?"

"Nyamaza." Akapapasa. "Pana mistari. Inazunguka. Huyu hapa, na huyu, na huyu." Akawa anaihesabu kama wajukuu. "Binti yangu umerudi."

Siku ya miadi alifika kabla mlango haujafunguliwa, mikono imefungwa kwenye kanga asije akagusa hata kitasa. Dirisha ni lile lile, karani ni yule yule. Akaweka vidole vinne. Kijani. Vinne vingine. Kijani. Madole gumba mawili pamoja. Kijani!

Kigelegele kilimtoka kabla hajakizuia, kifupi, katikati ya ukumbi ule wa viti vya chuma, na watu wakageuka. Hata karani alicheka.

"Hongera, mama. Unaona? Ulinisikiliza."

"Mungu akuweke, mwanangu."

Karani akaendelea kutazama kompyuta. Kicheko kikamwisha usoni kidogo kidogo. Akaigeuza skrini. Alikuwepo msichana mwembamba mwenye sare ya kazi za ndani, kola nyeupe, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Si nilikwambia?"

"Kumbukumbu zao zinasema ulipitiliza siku sabini na tatu."

"Nilikwambia mwenyewe, hapa hapa."

"Lakini fomu inasema hapana." Akafungua faili, akamwonyesha kwa kalamu. "Swali la ishirini na mbili. Hapana. Na hii hapa chini ni sahihi ya nani?"

"Sahihi ni yangu. Hapana si yangu."

Karani akatafuta barua ya maelezo. Hakuwa mtu mbaya, aliitafuta kweli, ukurasa kwa ukurasa, mara mbili, akalikung'uta na faili lenyewe. Barua haikuwamo.

"Mimi mwenyewe nakumbuka uliniambia," alisema kwa sauti ya chini.

"Basi andika. Andika kwamba nilikwambia."

"Hapa hapana sehemu ya kuandika hiyo, mama."

Mama Shuka akasogea pembeni, akampigia wakala. Vidole vyake vipya vilikuwa vinateleza kwenye simu.

"Vimesoma?" Sauti ya wakala ilipanda. "Vimesomaje?"

"Nimevipumzisha wiki tatu."

"Nani alikutuma uvipumzishe? Mama, vikikataa mara mbili wanaandika haiwezekani, faili linapita hivyo hivyo bila vidole, na ile picha yako ya zamani haitokei! Mimi dole lako niliona. Ile ilikuwa bahati yako! Kuna watu wanahangaika kupata vidole kama vile."

"Barua yangu iko wapi?"

"Ungepita, mama. Mwisho wa mwezi ungekuwa kwenye ndege."

"Nimekuuliza barua."

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa.

Akarudi dirishani, akampita mtu aliyekuwa anahudumiwa. "Ni kweli? Vingekataa leo, faili lingepita?"

Karani alitazama kushoto, akatazama kulia. "Ndio utaratibu."

"Mbona hukuniambia?"

"Haturuhusiwi kumshauri mwombaji."

"Ulinishauri mafuta."

Mama Shuka akaomba fomu arekebishe neno moja, moja tu, mbele ya macho yake. Ikishaingia haifunguliwi, karani akasema. Basi arudishiwe faili lake aondoke nalo. Vidole vikishasoma faili limeshaondoka, hili ni karatasi tu. Karani akamweleza, na alieleza vizuri, kwamba kupitiliza siku ni kosa dogo, wenyewe huwa wanasamehe likishapita miaka mingi hivyo. Kudanganya kwenye fomu ndiyo shida. Kudanganya ni kufungiwa miaka kumi.

"Sijadanganya."

"Sisemi umedanganya, mama. Wala sisemi watakukataa. Majibu watatoa wao, ndani ya siku thelathini. Sisi tunapokea tu."

Mama Shuka alijumlisha miaka kumi kwenye umri wake. Kisha akaanza kuijumlisha kwenye umri wa mama yake, akaacha njiani.

"Niandikie hata kikaratasi," alisema. "Kwamba nilifika, nikasema kweli."

"Anayefuata," karani alisema, taratibu sana, akitazama meza.

Mlango wa kutokea ulikuwa upande wa pili wa ukumbi, wa kioo, haufunguki kwa kusukuma. Kando yake palikuwa na mashine mpya juu ya nguzo na mlinzi mwenye koti kubwa kuliko yeye. Kwenye mashine palikuwa na swali: Tumekuhudumiaje leo? Chini yake kulikuwa na nyuso mbili, mmoja unacheka, mmoja umenuna.

"Bonyeza, mama," mlinzi alisema. "Bila hivyo mlango haufunguki."

Akabonyeza ulionuna. Mashine ikaomba radhi kwa maandishi, ikauliza ni nini hakikumridhisha, ikampa vitu vitatu vya kuchagua. Muda wa kusubiri. Usafi. Lugha ya wahudumu.

Mama Shuka alivisoma. Akavisoma tena kutoka chini kwenda juu. Akagusa pale chini palipokuwa patupu, labda kuna kingine kimejificha, akagusa tena, akagusa pembeni. Nyuma yake watu walikuwa wameshafika wanne, watano, wameshika mafaili yao.

"Chagua chochote, mama, watu wanataka kutoka."

"Changu hakimo."

"Hakuna mtu anayesoma hayo, mama yangu. Bonyeza tu."

"Nakwambia changu hakimo!"

Mlinzi akanyoosha mkono juu ya bega lake, bila ukali wowote, akambonyezea Usafi. Mashine ikamshukuru kwa maoni yake, na mlango ukafunguka.